Mke kujifungulia Quezon City, mkwe yuko kwenye dialisisi: serikali ama binafsi?

Msomaji wetu ni mtu wa Mombasa anayefanya kazi Doha. Mkewe ni Mfilipino, walijuana huko huko Qatar, sasa ana mimba ya miezi mitano na anataka kwenda kujifungulia kwao Quezon City, pale Metro Manila. Mama mkwe naye ana miaka 66, kisukari kimemharibu figo na ndo ameambiwa aanze dialisisi, yani kusafishwa damu. Anauliza: "Tuwapeleke hospitali ya serikali ama ya binafsi? Shemeji zangu kila mmoja anasema lake, huyu ananiambia ya serikali utakufa kwa foleni, huyu ananiambia ya binafsi utauza nyumba. Na mimi nikifika nitaruhusiwa kukaa nae wodini?"

Kaka, shemeji zako wote wawili wanasema kweli, ila swali lenyewe mnaliuliza kwa upande usiofaa. Mi nimekaa kwenye meza ya bili za hospitali Manila miaka kadhaa, nakwambia kule kinachoamua utalipa nini sio jina lililoandikwa getini, ni kitanda atakacholazwa mgonjwa, alafu anwani ya anapokaa, alafu karatasi alizobeba. Hospitali moja ya serikali ina wodi ya bure na juu yake ghorofa la vyumba vya kulipia, hospitali ya binafsi ya kifahari nayo kisheria inatakiwa iwe na vitanda vya wodi. Sheria yao ya afya kwa wote ya 2019 inasema hospitali za serikali asilimia 90 ya vitanda viwe vya wodi ya kawaida, zile za mabingwa asilimia 70, na za binafsi asilimia 10. Kwahiyo kabla hujasema serikali ama binafsi, sema kwanza: wodi ama chumba?

Tuanze na serikali, mana hapo ndo watu huchanganyikiwa. "Serikali" kule ni wenyewe watatu ama wanne tofauti. Tangu sheria ya serikali za mitaa ya 1991, hospitali nyingi zilitoka wizarani zikaenda kwa mikoa na majiji. Wizara ikabaki na zile kubwa. Kwahiyo pale Quezon City utakuta East Avenue Medical Center na Quirino Memorial ambazo ni za wizara, alafu Quezon City General, Novaliches District na Rosario Maclang Bautista kule Batasan ambazo ni za jiji yani za meya, alafu kuna zile kubwa za mabingwa, Philippine Heart Center, Lung Center, National Kidney and Transplant Institute na ile ya watoto, zote zimejengwa enzi za rais Marcos mzee, ya moyo ikiwa ya kwanza 1975. Hizi za mabingwa zinajiendesha kama mashirika ya umma, usidhani kwa kuwa ni za serikali basi utaingia na kutoka bila bili, vyumba vyao vya kulipia bei yake iko karibu na ya binafsi. Na ng'ambo ya mji, Manila kwenyewe barabara ya Taft, kuna Philippine General Hospital, PGH, iliyofunguliwa 1910 na iko chini ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, vitanda kama 1,500. Hiyo ndo mwisho wa reli, mgonjwa aliyeshindikana kwengine anapelekwa hapo, kama vile pwani nzima inavyoishia Coast General.

Nini maana ya haya kwako? Maana yake ni kwamba Rais Marcos Mdogo aliposimama bungeni Julai 2025 akasema bili ni sifuri, alikuwa anazungumzia hospitali za wizara, wodi ya kawaida. East Avenue na Quirino zimo. Hospitali ya meya ina utaratibu wake, PGH ina utaratibu wake, na ukipanda ghorofa la vyumba vya kulipia hata ndani ya East Avenue hiyo sifuri umeiacha chini. Watu wanasikia redioni "bili sifuri" wanaingia chumba chenye AC, siku ya kutoka wanapigana na kashia, na kashia hana kosa.

Hospitali za jiji zinafata anwani. Mfano mzuri ni Makati. Makati ni jiji tajiri, lina kadi ya njano ambayo mkaazi akiwa nayo anatibiwa Ospital ng Makati kwa bei ya kutupa. Ikatokea kesi ya mpaka baina ya Makati na jiji jirani la Taguig, mahakama ya juu kabisa ikaamua mitaa kumi ni ya Taguig, na 2023 mitaa hiyo ikahamishwa. Na hospitali yenyewe iko Pembo, ndani ya mitaa hiyo hiyo! Watu wanaiona hospitali kutoka dirishani na kadi yao ya njano haifanyi kazi tena. Kwahiyo mkeo kama kitambulisho chake bado kinasoma mkoani alikozaliwa ilhali mamake anakaa Quezon City, aanze na ofisi ya barangay, yani ofisi ya mtaa, achukue cheti cha ukaazi mapema, asingoje uchungu uanze.

Sasa binafsi. Hapa jambo ambalo mtu wa kwetu hulijui ni kwamba daktari sio mfanyakazi wa hospitali. Hospitali kubwa za binafsi, St. Luke's, Makati Med, The Medical City, zimejengwa kama soko: jengo ni la mwenye soko, daktari ana kibanda chake ndani, wateja wake na bei yake. Ndo maana bili inakuja na sehemu mbili, ya hospitali (chumba, dawa, vipimo, chumba cha operesheni) na ya ada za madaktari, na kwenye upasuaji wa uzazi madaktari ni wengi, daktari wa uzazi, wa usingizi, wa mtoto, pengine na msaidizi. Hiyo ada haina bei ya serikali, mnazungumza. Na kuzungumza sio aibu kule, muulize daktari mapema kabisa kliniki, "Doc, ada yako ikiwa kawaida ni ngapi, ikiwa upasuaji ni ngapi, na ukiniwekea wodi badala ya chumba je?" Mana daktari huyo huyo ada yake hupanda kufuatana na chumba. Chumba kikubwa, ada kubwa. Operesheni ile ile, kisu kile kile, ila umelala ghorofa ya juu.

Kuna na binafsi za katikati, ambazo watu wa mji wanazitumia zaidi kuliko hizo za majina, hospitali za vyuo vya udaktari na zile za masista na za mtaani. Hospitali ya chuo cha Santo Tomas kwa mfano ina upande wa kulipia na upande wa wodi za wanafunzi ambako mgonjwa maskini anatibiwa na madaktari wanaosomea chini ya maprofesa. Hizo mi nazipenda kwa mtu mwenye hela kiasi, mana foleni si kama ya serikali na bili si kama ya St. Luke's. Na ukienda nje ya Manila hali ni ile ile, Cebu kuna Vicente Sotto ya wizara na Chong Hua ya binafsi, Davao kuna Southern Philippines Medical Center, ni dude kweli kweli, na Davao Doctors. Jina linabadilika, mchezo ni mmoja.

Haya, PhilHealth. Hii ni bima ya taifa, ilianzishwa 1995, na kwa sheria ya 2019 kila Mfilipino yumo moja kwa moja. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara akigawana na mwajiri. Wanaofanya kazi nje kama mkeo wako kwenye kundi la wanaochangia, japo 2020 kulikuwa na makelele sana ng'ambo mpaka Duterte, rais wa wakati huo, akasema kwao iwe hiari. Mkeo aingie mtandaoni aangalie rekodi yake ya michango, kama kuna mapengo aulize ofisini kwao akifika, ndo jambo la wiki ya kwanza hilo. Ila usiielewe vibaya hii bima: hailipi bili yako, inalipa kiasi kilichopangwa kwa kila ugonjwa. Upasuaji wa kujifungua ulikuwa peso 19,000 miaka na miaka, wakaongeza asilimia 30 mwanzo wa 2024 na asilimia 50 Januari 2025, sasa ni 37,050. Peso moja ni shilingi mbili na kidogo za Kenya, piga hesabu. Hospitali ya binafsi Metro Manila upasuaji unapita laki moja ya peso kirahisi sana, na zile za majina unazidi hapo mbali. Kwahiyo PhilHealth kule inakuwa diskaunti tu, wakati kwenye wodi ya wizara hela hiyo hiyo pamoja na bajeti ya hospitali inafuta bili yote. Wafilipino mpaka leo zaidi ya 40 katika kila peso 100 ya matibabu inatoka mfukoni mwa familia, bima iko na sheria iko na bado.

Na kuna siasa ndani yake usishangae. 2024 serikali ilichukua bilioni 60 kutoka PhilHealth wakasema ni hela zimekaa bure, watu wakaenda mahakama ya juu kabisa, Oktoba mwaka huo mahakama ikazuia zilizobaki zisichukuliwe. Bajeti ya 2025 PhilHealth ikapewa ruzuku sifuri. Mgonjwa wa foleni anayasikia haya kwenye jeepney, matatu za kule, anacheka tu.

Sasa mkeo. Ushauri wangu: kliniki aanze nayo kituo cha afya cha barangay, ni bure na wanampa kitabu cha mimba, na wakati huo huo ajiandikishe hospitali atakayojifungulia, mana hospitali za serikali zinampenda mjamzito mwenye faili kwao kuliko anaekuja usiku hajulikani. Kama mimba haina matatizo kuna na nyumba ndogo za uzazi za wakunga, ziko kila mtaa, PhilHealth inazilipa, bei rahisi na mke anakaa na nduguze. Ila kwa mke ambae mamake ana kisukari, mi nisingempeleka huko mpaka apimwe sukari ya mimba na presha na majibu yawe safi. Akiwa na shida yoyote, ni hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na cha watoto njiti. Hapa nakwambia bila kupepesa, kama ni mtoto njiti afadhali hospitali ya serikali iliyojaa kuliko ya binafsi ndogo iliyo safi, mana mtoto njiti ni wiki na wiki, na kila siku ya mashine binafsi ni bili. Fabella pale Manila, hospitali ya uzazi ya taifa, ilijulikana duniani kwa mama wawili watatu kitanda kimoja, picha zake zinatisha, lakini ndo hao hao waliobobea kulea njiti kwa kumfunga kifuani kwa mama.

Kama una hela ya binafsi, tafuta ya katikati, omba pakeji ya kujifungua kwa maandishi, na uliza pakeji inavunjika wakati gani (ikigeuka upasuaji? mtoto akibaki siku tatu?). Bima ya binafsi ya kazini, wanaiita HMO, kama shemeji wanayo, isome vizuri kwanza, nyingi uzazi haumo ama umo kwa kiasi kidogo.

Na jifunze sheria mbili hizi uziweke kichwani. Moja, ya 2017, inakataza hospitali yoyote, ya serikali na ya binafsi, kudai depoziti kabla ya kumhudumia mgonjwa wa dharura, na mama mwenye uchungu anayeweza kupoteza mtoto ama kuzalia njiani yumo. Mfanyakazi akivunja anaweza kufungwa kuanzia miezi sita ama faini laki moja mpaka tatu za peso, na kama ni sera ya wakubwa wa hospitali faini inafika milioni. Wakikwambia getini "sir, depoziti kwanza" na mke anatoka damu, taja hiyo sheria kwa upole na uombe jina la anaekuhudumia, utaona machela inakuja. Ya pili ya 2007 inakataza kumfungia mgonjwa hospitali kwa sababu ya deni, anaandika ahadi ya kulipa akiwa na mdhamini ama dhamana anaondoka na karatasi zake. LAKINI aliye kwenye chumba cha binafsi hiyo sheria haimkingi. Unaona tena? Kitanda. Ukichagua chumba kwa heshima ya siku mbili umejitoa kwenye ulinzi wa sheria, na wauguzi hawatakwambia.

Mama mkwe sasa, huyu habari zake ni nzuri kuliko mnavyofikiri. Miaka 60 na zaidi yumo PhilHealth bila kuchangia, sheria ya 2014. Dialisisi zamani walikuwa wanalipiwa mara 90 kwa mwaka kwa peso 2,600, ikawa inaisha katikati ya mwaka na watu wanakufa ama wanauza shamba. Sasa ni mara 156 kwa mwaka, ndo mara tatu kwa wiki mwaka mzima, na kila mara wanalipa 6,350 tangu Oktoba 2024. Hiyo ni karibu milioni moja ya peso kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Ndo maana vituo vya binafsi vya dialisisi vimeota kila kona, juu ya maduka, pembeni ya benki, na kwa jambo hili mi nasema wazi: binafsi. Aende kituo cha binafsi cha karibu na nyumbani ambacho hakimtozi cha juu, aulize "mnanitoza chochote zaidi ya PhilHealth?" wengi watasema hapana, mana wanamtaka. Asing'ang'anie kiti cha National Kidney mwaka mzima kwa sababu ya jina, hiyo aende kwa daktari bingwa na kama baadae mtazungumza habari ya kupandikiza. Mara tatu kwa wiki, miguu imevimba, foleni ya basi kwenye barabara kuu ya EDSA, umbali ndo unaua.

Dawa zake na vipimo, kadi ya wazee. Anaitoa ofisi ya wazee ya jiji, inampa punguzo la asilimia 20 na kumtoa kwenye kodi ya VAT, kwenye duka la dawa, kwenye maabara, mpaka kwenye ada ya daktari wa binafsi. Kijitabu cha dawa kilikuwa lazima mpaka 2024, sasa sio lazima tena, ila kadi aibebe siku zote, na asikubali kashia amwambie "tayari kuna promo".

Bili ikibaki, hapo ndo kuna ile safari ya karatasi ambayo kila familia ya mjini inaijua. Hospitali za serikali zina ofisi inaitwa Malasakit Center, ya kwanza ilifunguliwa Cebu Vicente Sotto 2018 na sheria ikaja mwishoni mwa 2019, ndani yake wamekaa pamoja wizara ya afya, ustawi wa jamii, PhilHealth na PCSO, yani shirika la bahati nasibu, mana kule hela za lotto zinalipa matibabu. Kabla ya hapo ulikuwa unazunguka ofisi nne mji mzima na mgonjwa amelala. Unahitaji muhtasari wa matibabu uliosainiwa na daktari, bili ama bei ya dawa, kitambulisho na cheti cha umaskini kutoka barangay. Afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali atawahoji na kuwapa daraja, kuanzia A mpaka D, D ndo hana kitu. Na hapa kaka utulie. Ukifika wewe na saa ya Doha na simu mpya ukakaa mbele ya yule mama, daraja la familia linapanda mbele ya macho yako. Sisemi udanganye, mshahara wako useme kama ulivyo, ila mwenye kueleza hali ya nyumba ile ni shemeji anaeishi pale, si wewe.

Mkiwa binafsi kuna barua za dhamana, yani za kuahidi kuwa serikali italipa bili, watu wamezoea kuziomba kwa mbunge ama wizarani, na zinapokelewa na baadhi ya hospitali. Msizitegemee. 2025 hospitali za binafsi za Batangas zilisimamisha kuzipokea kwa sababu serikali ilikuwa haijalipa madeni ya mamia ya mamilioni ya peso. Na mi binafsi sipendi mtu aende kupiga magoti kwa mwanasiasa ili apate haki yake, ila sitamlaumu mwenye mgonjwa.

Foleni ni kweli, shemeji yako hajakosea. PGH tangu korona wanaomba miadi mtandaoni, kwengine watu wanafika alfajiri kuchukua namba. Dharura ya East Avenue usiku wa Ijumaa machela ziko koridoni. Dawa zinakuwepo na zinakosekana, nesi anakupa reseta, yani karatasi ya dawa, unakimbia duka la dawa la nje, damu ikihitajika wanaweza kukwambia tafuteni wa kuchangia. Manesi wenyewe ni wazuri sana, wachache tu, nusu ya wenzao unawaona huko huko Doha na Riyadh.

Ndo tunafika kwenye swali lako la kukaa nae. Kila mgonjwa wa wodi ya serikali anatakiwa awe na bantay, ndugu anaekaa kitandani kwake masaa yote, anamlisha, anambadilisha, ndo anaekimbia na reseta, analala kwenye kiti ama kwenye boksi lililotandazwa chini. Hospitali inategemea mtu huyo, bila yeye mgonjwa anahangaika. Lakini wodi nyingi za uzazi za serikali bantay lazima awe mwanamke, wewe utaonana na mkeo saa za kutembelea na utakaa nje kwenye benchi na wanaume wenzako. Chumba cha binafsi utaruhusiwa kulala, na hiyo kusema kweli ndo sababu moja ya haki ya kulipia chumba, kama mmeamua ni muhimu kwenu. Vinginevyo ongea na shemeji wa kike mapema, ajue wiki hizo ni zake, mpe hela ya nauli, chakula na dawa za ghafla mkononi, sio kwa mkeo, mana yeye ndo atakuwa anakimbia. Na cheti cha kuzaliwa hospitali ndo inaanza kukijaza na kinasajiliwa ndani ya siku 30, kwahiyo cheti chenu cha ndoa na kopi ya pasipoti yako viwe kwenye begi la mkeo anapopanda ndege, jina lako liandikwe sawa mara ya kwanza, kurekebisha herufi moja kule ni miezi.